Je, Mbuyu Husikia Maneno?

Kisiwa cha Chole ni kidogo, nacho kimelala ghubani baina ya kisiwa kikubwa cha Mafia na kisiwa cha Juani. Zamani palikuwa makao ya serikali. Wadachi walikaa pale hata mwaka 1913, ndipo walipohamia Kilindoni. Majumba ya siku zile yamekuwa magofu, na miti ya jamii ya mkuyu imeota juu ya kuta zake, mizizi ikizikumbatia kama vidole. Mibuyu ya Chole ni mikubwa, miembe yake ni ya kale, na mchana popo wakubwa walao matunda hulala wakining'inia katika matawi. Mtu akitembea mahali kama hapo, si ajabu akijiuliza: Je, miti hii yatusikia? Nasi tukitulia, twaweza kuisikia?

Swali hili limekwisha kupewa majibu mawili. La kwanza ni la kale. Katika pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, huonekana mibuyu iliyofungwa vitambaa, na shinani pake pamefukizwa ubani, kwa kuwa watu husadiki ya kwamba pana mwenyewe asikiaye maombi. Jibu la pili latoka ng'ambo, nalo limevaa mavazi ya elimu. Ni kitabu kiitwacho kwa Kiingereza The Secret Life of Plants, maana yake Maisha ya Siri ya Mimea, kilichotolewa mwaka 1973 na Waamerika wawili, Peter Tompkins na Christopher Bird. Kitabu hicho chasema ya kwamba mmea huyajua mawazo ya mtu, hata akiwa mbali nao, na ya kwamba mtu mwenye moyo mwepesi aweza kuzungumza nao. Kilisomwa mno, mwaka 1979 ilitoka sinema yake, na mwimbaji Stevie Wonder aliitungia muziki. Mpaka leo maneno yake yarudiwa na watu wasiopata kukiona kitabu chenyewe. Kwa hiyo yafaa tukipime, tuone kipi ni nafaka na kipi ni makapi.

Tuanze na sifa zake, kama ilivyo adabu. Waandishi hawa wajua kusimulia. Wamekusanya habari za watu wengi wa nchi nyingi, nao wamewafanya wasomaji waliokuwa wakipita mbele ya mmea kama wapitavyo mbele ya jiwe wasimame na kuutazama. Hilo si jambo dogo. Mtoto wa shule akiambiwa ya kwamba mmea ni kitu cha kijani kisichotembea, amefundishwa vibaya. Kitabu hiki kilikataa somo hilo, na katika kukataa kwake kilikuwa na haki.

Lakini tuutazame msingi wake. Habari ya kwanza kitabuni, na ndiyo ibebayo nyingi zilizofuata, ni ya Cleve Backster, fundi wa mtambo wa kupimia uwongo, aliyekuwa akiwafundisha askari polisi kuutumia. Mwezi wa Februari mwaka 1966, mjini New York, alifunga nyaya za mtambo wake katika jani la mmea wa dracaena, ili ajue maji huchukua muda gani kupanda kutoka mizizini. Kisha likamjia wazo la kulichoma jani kwa moto. Yeye mwenyewe asema ya kwamba kabla hajawasha kiberiti, kwa lile wazo tu, kalamu ya mtambo iliruka. Mwaka 1968 alitangaza jaribio lingine: uduvi wa maji ya chumvi walimiminwa katika maji yachemkayo, na mimea iliyokuwa katika vyumba vingine, asema yeye, ilishtuka kwa kifo chao.

Sasa twaingia katika hukumu. Jambo kubwa namna hii halithibitiki kwa ushahidi wa mtu mmoja. Lataka kurudiwa na mtu asiye na hamu ya kuliona likitokea, naye alirudie kwa uangalifu uleule au kupita. Mwaka 1975 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Horowitz, Lewis na Gasteiger, walichapisha habari zao katika gazeti la Science. Waliwaua uduvi, wakaipima mimea, wakazidisha hadhari ili kalamu isitikiswe na jambo jingine. Hawakuona uhusiano wowote baina ya kifo cha uduvi na mwendo wa kalamu.

Mtu aweza kuwatetea waandishi akisema: Kitabu kilitoka mwaka 1973, wangaliyajuaje ya mwaka 1975? Utetezi huo ni wa haki, nami naukubali kwa nusu. Hawalaumiwi kwa kutojua jibu. Walaumiwa kwa kuwa walilitangaza kabla halijaja. Jaribio ambalo halijasimama mikononi mwa mtu wa pili waliliita ugunduzi, wakajenga juu yake nyumba nzima. Tena Backster alipoletewa matokeo hayo alijibu ya kwamba masharti yake hayakufuatwa sawasawa, na ya kwamba mambo ya namna hii hutokea yenyewe tu, hayapendi kupangwa. Jibu hilo twalifahamu sana sisi wa pwani. Ndilo la yule aguzi asemaye, ramli ikikosa, ya kwamba mwulizaji alikuja na shaka moyoni. Neno lisiloweza kuonekana kuwa la uwongo kwa njia yoyote halina njia ya kuonekana kuwa la kweli pia.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo halijatajwa sana. Kitabu kimemtia mtu wa kweli katika kundi la wasimulizi wa ajabu, kikamshusha kwa kumsifu. Mtu huyo ni Jagadish Chandra Bose, Mhindi wa Bengal, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1937. Bose alitengeneza mitambo ya kupima nguvu ya umeme ipitayo ndani ya mmea uguswapo, na mtambo mwingine wa kukuza mwendo wa mmea ukuao mara elfu kumi, hata kukua kwake kukaonekana kwa macho. Wenye elimu wengi wa Uingereza walimwonea shaka, naye hakuwajibu ya kwamba mimea yake haiwapendi wenye shaka. Alisafiri na mitambo yake, akaiweka mbele yao, akarudia majaribio wakitazama. Baadhi ya mafikara yake yamekataliwa baadaye, lakini jambo kubwa limesimama: ndani ya mimea hupita habari kwa njia ya umeme. Kumweka Bose na Backster katika safu moja ni kama kumweka nahodha aliyepima kina kwa bildi safu moja na abiria aliyeota ndoto ya kisiwa.

Mmea alioupenda Bose kwa majaribio ni ule ambao majani yake hunywea ukiguswa, nasi twao pwani, ijapokuwa asili yake ni Amerika. Kiswahili kimeuita kifauwongo, na jina hilohilo tumempa mdudu ajifanyaye mfu. Jina ni zuri, lakini tulipime nalo, kwa kuwa si vitabu tu vinavyostahili kuhukumiwa. Kusema ya kwamba mmea umekufa kwa uwongo ni kusema ya kwamba una nia ya kudanganya. Tujuavyo ni hivi: mguso huamsha umeme, umeme hufika katika vifundo vya chini ya majani, maji hutoka katika upande mmoja wa kifundo, na jani hulala. Hapo pana hisi bila shaka. Uwongo ni wetu sisi, twauazima mmea. Basi Mswahili wa zamani na Mwamerika wa mwaka 1973 wamefanya jambo lilelile: wameona mwendo, wakatia ndani yake moyo wa mtu. Ila Mswahili alijua anafanya mzaha.

Basi je, mimea haina habari za kupelekeana? Inazo, na za kweli zashinda za kitabu kwa ajabu. Tena hazikupatikana New York tu. Nyingine zimepatikana hapa kwetu, katika mashamba ya mahindi ya Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Pale wataalamu wa kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, wamefanya kazi miaka mingi pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Muhindi ukitafunwa na bungua wa mabua hutoa harufu, na harufu hiyo huwaita nyigu wadogo watagao mayai ndani ya bungua na kumwua. Mwaka 1997 Zeyaur Khan na wenzake walieleza ya kwamba nyasi za molasesi, zikipandwa kati ya mahindi, hutoa harufu ya namna hiyo pasipo kutafunwa, na nyigu huja shambani mapema. Mwaka 2011 likaongezeka lingine: yako mahindi ya asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati ambayo hayangoji kutafunwa, nondo akitaga mayai tu juu ya jani, mmea huita nyigu. Mahindi ya mbegu chotara yaliyopimwa pamoja nayo hayakuita. Watu waliyachagua vizazi vingi kwa wingi wa punje, na katika kuchagua huko sauti ikapotea pasipo mtu kujua.

Tazama tena kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo mahindi na mtama. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, hukaa udongoni miaka mingi isiote, mpaka mzizi wa muhindi upite karibu. Yatambuaje? Mzizi humwaga udongoni dawa kidogo mno, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwaita kuvu wema wausaidiao mmea kupata chakula. Wito ule ni wa kuvu, lakini kiduha huudukua, huota, na kujifunga mzizini. Muhindi umepeleka barua kwa rafiki, na mwizi ameisoma njiani.

Mfano huu wa barua ndio naona watuonyesha jibu la swali letu, na Chole yenyewe yaweza kuushuhudia. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jua likichwa. Ni jeupe, kubwa, lainama chini, na harufu yake ni kali. Sisi twaliona na twainusa harufu ile, na wengi wetu hatuipendi. Haikutengenezwa ili tuipende. Weupe ni kwa ajili ya macho yaonayo gizani, na harufu ni kwa ajili ya pua ya popo, ajaye kulamba maji matamu na kuondoka na vumbi la ua kifuani, alipeleke katika mbuyu mwingine. Asubuhi ua limenyauka, kazi imekwisha. Mtu asimamaye chini ya mbuyu usiku ule ameisikia habari ya mmea kwa pua yake mwenyewe. Hakuhitaji mtambo wala kipawa. Ila barua haikuandikwa kwake. Embe livapo na kunukia, hapo mtu yumo katika walioandikiwa, pamoja na popo, ndege na kima, kwa kuwa wote hulila tunda na kuitupa kokwa mbali.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba binadamu hawezi kabisa kutambua habari zitokazo kwa mimea. Aweza, kwa macho na pua, zile zinazofika katika macho na pua yake. Asiyoweza ni yale ambayo mwili wake haukuumbiwa kuyapokea. Mfano wake umetokea mwezi wa Machi mwaka 2023, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipochapisha katika gazeti la Cell ya kwamba mnyanya na mtumbaku vikikosa maji au kukatwa shina hutoa milio mifupi kama ya kualika. Mmea wenye kiu ulitoa milio kama 30 hata 50 kwa saa. Usio na shida haukufikia hata mmoja kwa saa. Lakini milio hiyo ina mitetemo elfu 40 hata elfu 80 kwa sekunde, na sikio la mtu halipiti elfu 20. Yadhaniwa ya kuwa sababu yake ni mapovu ya hewa yapasukayo katika mishipa ya maji. Hakuna aliyethibitisha ya kwamba mmea walia ili usikiwe. Hata mlango mkavu hulia bila kumwita mtu.

Hapa tena yafaa hadhari. Msomaji wa Chole aweza kusema upesi: Kumbe popo wetu huyasikia hayo! Lakini wale popo wakubwa walao matunda hawaongozwi na mwangwi wa sauti nyembamba. Watumia macho na pua. Wasafirio kwa sauti za namna ile ni popo wadogo walao wadudu. Hivi ndivyo tofauti ya elimu na hadithi inavyoonekana: hadithi ingalimtwaa popo aliye karibu, kwa kuwa apendeza.

Sasa tuje katika faida na hasara, maana swali hili si la mchezo wa jioni. Katika mwambao wa bara umeingia ugonjwa uuao minazi. Mnazi ulioshikwa huangusha kwanza nazi changa. Makole hugeuka meusi. Kisha makuti huwa manjano kuanzia chini kwenda juu, na mwisho kilele huanguka. Mkulima aonapo nazi changa zimetapakaa chini, mti umekwisha kuugua siku nyingi. Alama ni ya kweli, naye ameisoma sawasawa, lakini imemfikia imechelewa. Mtu kama huyo akiambiwa ya kwamba mwenye moyo safi husikia kilio cha mnazi, ataacha kutafuta njia ya kuujua ugonjwa mapema, au atajilaumu ya kwamba moyo wake haukuwa safi, au atamlipa fedha yule adaiye kwamba yeye husikia. Hasara hizo tatu zote ni za kweli, na zote hulipwa na maskini.

Mwenye kupinga atasema: Lakini heshima ya mbuyu ndiyo iliyouhifadhi mbuyu. Wazee waliosema ya kwamba mti husikia hawakuukata, na wasomi wasemao ya kwamba hausikii wameleta shoka. Hoja hii ina nguvu, na mwalimu asiipite kwa kicheko. Ni kweli miti mingi mikubwa ya pwani ipo leo kwa sababu ya hofu ile. Hata hivyo heshima iliyosimama juu ya neno lisilo kweli hudumu kwa muda wa neno lile tu. Siku kijana atakapouchoma mbuyu kisu akaona hakufa wala hakupatwa na homa, atadhani amefunguliwa, atakata wote. Kilichokosekana ni sababu ya pili ya kusimama badala ya ile iliyoanguka. Sababu hiyo ipo. Mbuyu ukikatwa, popo hukosa ua lake. Popo akikosa, mibuyu mingine hukosa wa kuichukulia vumbi la maua. Mti ule una shughuli zake na jamaa zake, uwe watusikia au hautusikii. Kumheshimu jirani si lazima kwanza adhaniwe kwamba ayajua mawazo yetu.

Na hapo ndipo naona upungufu mkubwa wa kitabu cha Tompkins na Bird, kupita hata makosa ya majaribio. Chajidai kuipandisha cheo mimea, kumbe chamweka mtu katikati ya kila jambo. Mmea wa Backster hauna habari nyingine ila kumwangalia Backster: ameudhika, amefurahi, ashika kiberiti. Mimea ya kweli ina mazungumzo mengi, na karibu yote hayatuhusu. Waandishi walisikia ya kwamba jirani anaongea, wakakata shauri mara moja ya kwamba anawasema wao.

Walimu wenzangu, msikitupe kitabu hiki, wala msikifundishe. Kisomeni pamoja na wanafunzi wakubwa, kisha mwaulize katika kila habari: Nani aliona? Nani alirudia? Lingeonekanaje kama si kweli? Tena mpandeni kifauwongo bustanini mwa shule. Watoto waudondoshee matone ya maji, mara kwa mara, bila kuuumiza, wahesabu ni matone mangapi mpaka majani yaache kunywea. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walitangaza ya kwamba mmea huu huzoea kuangushwa usipodhurika, na ya kwamba mazoea hayo yalidumu karibu mwezi mzima. Wengine wamebishana naye juu ya maana yake, na hiyo ni afya. Mtoto atakayehesabu mwenyewe hatahitaji kuambiwa asadiki au asisadiki. Ataandika hesabu ya kwanza, na hesabu ya pili, na mwenziwe ataandika yake, nao watalinganisha.